Seli Changa kwenye Damu ya Rehema

Wagonjwa wa Mbagala waliniita daktari miaka yote niliyofanya kazi, na mie sikuwa daktari. Nilikuwa mtu wa maabara. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha: "Mama, mie ni mtu wa vipimo tu." Wananitazama, wanaliona koti jeupe, wanasema, "Haya daktari, nimekusikia," kisha wananyoosha kidole nikitoboe. Nikaacha kubishana nao. Lakini lile neno "tu" ndilo ninalotaka tuliongelee, nyie vijana mnaoingia maabara sasa hivi. Nilichelewa kuliacha, na kabla sijaliacha, mtu mmoja alikufa.

Nitafika huko. Kwanza mnijue.

Naitwa Kulwa, Mnyamwezi wa Tabora. Nilikuja Dar kijana, nikapangiwa kituo cha afya upande wa Temeke, nje kabisa kwa wakati ule, na sikuhama mpaka nilipostaafu. Jina la kituo naliacha. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha mawili, benchi la saruji, sinki linalovuja na hadubini mbili. Moja ilikuwa ya umeme. Nyingine ilikuwa ya kioo cha kuelekeza mwanga wa jua, na umeme ukikatika, hiyo ya kioo ndiyo ilikuwa bosi wetu sote. Wingu likipita, unasubiri. Wagonjwa dirishani wanauliza, "Majibu bado?" Unawaambia, "Bado, kuna wingu." Wanadhani unawafanyia masihara.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura. Chuoni nilifundishwa, sikatai, lakini kazi nilifundishwa na yeye. Alikuwa Mzaramo wa hapahapa Temeke, mwanamke mfupi, mdomo haupumziki, cheti chake kidogo kuliko changu na macho yake makali kuliko ya mtu yeyote niliyewahi kukaa naye kwenye benchi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo siku ya kwanza tu akanipokea: "Mnyamwezi wangu umefika! Mzigo uliotumwa kuubeba uko wapi?" Nikamwambia nimekuja kuwatafutia Wazaramo kazi, maana wamezidi ngoma. Akacheka mpaka akashika meza. Halafu akanipa ndoo ya slaidi chafu, vile vioo vya kupakia damu, niioshe, na nikaiosha miezi miwili.

Fedheha yangu ya kwanza nayo mnapaswa kuijua, maana mkubwa anayesimulia mema yake peke yake anawadanganya. Rangi ya Giemsa, ile tunayopakia slaidi za malaria, inachanganywa na maji maalumu yaliyopimwa uchachu wake. Siku moja yale maji yakaisha na Bi Zuhura hakuwepo. Nikaona, maji si maji? Nikachota ya kisima. Sasa, visima vya upande ule ni vya chumvi, hata chai inakataa. Na juu ya hapo, rangi yenyewe ilikuwa imekaa siku nyingi, sikuichuja. Nikapaka slaidi za asubuhi yote, nikaketi kwenye hadubini, nikaona vidoti kila mahali. Malaria! Kila mgonjwa ana malaria. Nikaandika kwa furaha, maana kijana anapenda kugundua.

Saa tano mganga mfawidhi mwenyewe, mkuu wa kituo, akaja kupima kwa sababu alikuwa anajisikia uchovu. Nikampa majibu yake: vimelea vingi mno. Akaisoma ile karatasi, akajitazama mikono, akasema taratibu, "Kulwa, mie nina malaria kiasi hiki, na bado nimesimama hapa naongea na wewe?"

Bi Zuhura aliporudi akaangalia slaidi moja, nusu dakika. "Hii ni takataka ya rangi, mtani. Umewapa watu malaria ya ndoo." Nilitoka nje mbele ya wagonjwa wote, nikaomba radhi, nikawatoboa upya wale waliokuwa bado wamekaa kwenye mabenchi. Mzee mmoja aliniuliza kama kidole chake ni cha majaribio.

Kutokana na aibu ile nilijifunza jambo ambalo hata leo mashine haijalifuta. Takataka hukaa juu ya seli, kimelea hukaa ndani yake. Zungusha skrubu ndogo ya hadubini taratibu: ikiwa seli inafifia na kile kidoti kinazidi kung'aa, kile si cha humo, kimedondokea juu. Na rangi ichujwe kila asubuhi. Usiulize kama jana ilichujwa.

Bi Zuhura alikuwa na amri nyingine, na hiyo nilichelewa kuielewa. Alikuwa akisema, "Ukimaliza kutafuta ulichoagizwa, usinyanyuke. Tazama tena na kile ambacho hukuagizwa." Mie nikadhani ni mambo ya mtu mzima asiyetaka kuona kijana anapumzika.

Basi akaja Athumani. Alikuwa fundi mwashi, kijana wa kama miaka thelathini, alikanyaga msumari kwenye jengo huko Chamazi. Aliingia anachechemea, ameegemea bega la mwenzake, na bado anataniana na watu foleni nzima kuhusu mpira. Alikuwa anatetemeka kidogo. Fomu yake ilisema kitu kimoja: angalia malaria. Nikaangalia. Hapakuwa na malaria. Lakini seli nyeupe za damu yake hazikuwa sawa. Seli nyeupe aina ya neutrofili ikikomaa, kiini chake kinakuwa kimekatika vipande vitatu, vinne, vimeungana kwa uzi mwembamba. Za Athumani nyingi zilikuwa na kiini kizima kilichopinda kama ndizi. Ni seli changa, ambazo zilipaswa kuwa bado ndani ya mfupa, kwenye uboho, zinakua. Na zilijaa chembe nyeusi nzitonzito.

Niliziona. Sitaki mtu anitetee kwamba sikuziona. Foleni ilikuwa ndefu, fomu iliuliza malaria, nikaandika "Hakuna vimelea vya malaria," nikatia sahihi. Akapewa dawa za maumivu akaambiwa apumzike. Siku ya tatu walimleta amebebwa, na alasiri ileile akafariki.

Mwenzake ndiye aliyekuja dirishani kunieleza. Bi Zuhura akasikia.  Akafungua sanduku la slaidi za wiki ile, akaitafuta ya Athumani, akaiweka kwenye hadubini. Alikaa muda mrefu.

"Hizi uliziona?"

"Niliziona, Bi Zuhura."

"Ukamwambia nani?"

"Fomu haikuuliza."

Aliinua uso. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Kulwa, fomu haiumwi."

Nilikwenda msibani Chamazi. Nikakaa mkekani na wanaume wengine, hakuna aliyenijua, mpaka mwenzake Athumani alipomwambia baba wa marehemu kwamba huyu anatoka kituoni. Yule mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Ahsante sana daktari kwa kuja kutuona."  Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Pale ndipo nilipoanza kusoma kweli. Nilirudi chuo kuongeza elimu, nikafaulu, lakini swali langu halikupata jibu la kutosha. Nilijua seli changa kwenye damu ni dalili ya maambukizi makali. Nilitaka kujua nani anazitoa kwenye mfupa kabla ya wakati wake. Nani anaziita? Bi Zuhura alikuwa amekwisha kustaafu. Nikakaa na swali hilo miaka mingi, mpaka alipoletwa kwetu Daktari Neema, binti wa Kipare, mwembamba, anayetembea kama anakimbizwa. Umri wa mwanangu wa pili. Kila asubuhi alipita dirishani, "Shikamoo Mzee Kulwa," nami namwitikia, "Marahaba, daktari." Siku moja tukinywa chai nikamuuliza.

Akanijibu kwa swali. "Mzee, umewahi kuchomwa na mwiba wa samaki?"

"Mara nyingi."

"Kidole kikawaje?"

"Kikavimba. Kikawa chekundu, cha moto, kikauma."

"Nani aliyekivimbisha? Mwiba au wewe?"

Nikakitazama kidole changu.

"Wewe mwenyewe," akasema. "Bakteria walioingia na mwiba hawajui kuvimbisha kidole. Seli zako ndizo zilizofanya hivyo."

Akachukua karatasi iliyofungiwa chapati akaanza kuchora, na mie nawapa nyie kama nilivyoelewa. Chini ya ngozi kuna seli za ulinzi. Juu ya ukuta wa kila seli kuna vipokezi, ambavyo ni protini, kila kimoja kimeumbwa kunasa kitu maalumu. Kuna kinachonasa kipande cha ganda la bakteria. Kikinasa, ile sehemu ya kipokezi iliyo upande wa ndani inabadilika umbo, inaiamsha protini ya jirani, ile inaiamsha nyingine, inapokezana hivyo mpaka ujumbe unafika kwenye kiini cha seli. Huko jeni ambazo zilikuwa zimenyamaza zinaanza kufanya kazi, na seli inatengeneza saitokini. Hizo ni protini ndogo za kupeleka habari kwa seli nyingine. Habari zikifika kwenye mshipa wa damu, mshipa unatanuka, ukuta wake unalegea, maji na seli nyeupe zinapita kwenda palipoumia. Ndiyo maana kidole kinavimba na kupata moto. Kazi ikiisha, zinatoka ishara nyingine za kutuliza, na kidole kinapona.

"Sasa, mzee, chukua yale yote ya kidole, uyafanye mwili mzima kwa wakati mmoja," akasema Neema. "Bakteria wameingia kwenye damu. Kila seli inapata habari, inaongeza habari. Mishipa yote inatanuka, presha inaanguka. Maji yanavuja nje ya mishipa. Damu inaganda kwenye mishipa midogomidogo, figo hazipati kitu. Na ishara za kutuliza zinatoka bila mpangilio, kwa hiyo mwili unajiumiza na papo hapo unashindwa kupigana. Hiyo ndiyo sepsisi. Mtu anauawa na majibu ya mwili wake kwa yale maambukizi."

"Na uboho?"

"Uboho nao una vipokezi. Habari zinaufikia: leteni seli nyeupe. Unatoa zilizokomaa. Habari zinazidi kuja. Zilizokomaa zikiisha, unatoa hata zile changa."

Kikombe changu kilikuwa kimepoa. Nikamwambia, "Kwa hiyo mie pale kwenye slaidi ninaona ule ujumbe."

"Unaona ulikofika. Na mara nyingine unauona mapema kuliko mie, maana mie nasubiri presha ianguke."

Nikamuuliza kwa nini basi isitengenezwe dawa ya kuukata huo ujumbe. Akatikisa kichwa. Wataalamu wamejaribu kuzima ishara mojamoja, akasema, lakini ujumbe una njia nyingi, ukiziba hapa unapita pale, na ukizima kila kitu umewaachia bakteria uwanja. "Tunachoweza sie ni kuua bakteria mapema, kuondoa chanzo, na kuishikilia presha mpaka mwili utulie. Kila saa ina maana, mzee."

Ile karatasi ilikuwa na mafuta, lakini niliichukua nyumbani nikainakili kwenye daftari. Mke wangu akauliza kama siku hizi nachora ramani za viwanja.

Sasa Rehema. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, siku ambayo kituo chochote cha Dar kinafurika, maana watu wameugua Jumamosi na Jumapili wakivumilia. Rehema alikuwa mama wa miaka ishirini na mbili, mtoto wake wa kwanza ana siku nne. Alijifungulia kwetu salama, akaruhusiwa kwenda kwao Kigamboni, sasa mama yake alikuwa amemrudisha. Fomu ilikuja na damu: uchovu, kichefuchefu, hana homa, angalia malaria na wingi wa damu. Aliyeiandika ni Tabibu Shayo, kijana mwenye bidii, siku ile akiwa na foleni ya watu inayotoka nje ya mlango.

Malaria, hakuna. Wingi wa damu umepungua kiasi, kama ilivyo kwa wazazi wengi. Kazi niliyoagizwa ikawa imekwisha. Nikabaki kitini. Nikasogeza slaidi kwenye ncha nyembamba ya damu, kule seli zinakokaa mojamoja bila kulaliana, ambako ndiko kwa kuangalia siku zote. Nikaona kiini kilichopinda kama ndizi. Nikasogeza. Kingine. Nikasogeza, nikaona iliyo changa zaidi ya hizo, kiini chake kama figo. Chembe nyeusi. Na ndani ya seli kulikuwa na vitundu vyeupe, kama vile mtu ametoboa kwa sindano.

Niliitoa ile slaidi, nikavua glavu, nikamwambia mwenzangu wa benchi ashike foleni. Sikuandika jibu. Nilitembea.

Rehema alikuwa kwenye benchi la nje ya chumba cha tabibu, ameegemea ukuta, mtoto amepakatwa na bibi yake. Nikamsalimia yule mama, kisha nikamshika Rehema mkono. Ulikuwa baridi, na jua la Dar lilikuwa linawaka. Nilimuuliza anajisikiaje akasema, "Nimechoka tu... daktari." Alipumzika katikati ya sentensi fupi kama ile. Mama yake akasema, "Mie nilidhani ni uchovu wa uzazi. Homa hana, nimemgusa usiku na mchana. Lakini tangu jana mkojo nao kama haupo."

Nikaingia kwa Shayo bila kusubiri zamu. Watu wa foleni walinipa maneno yao.

"Tabibu, huyu Rehema ana sepsisi."

Shayo alikuwa anaandika. "Mzee Kulwa, shikamoo. Rehema yupi?"

"Mzazi wa siku nne. Malaria hana. Seli changa zimejaa kwenye slaidi."

"Mzee wangu, mama aliyetoka kujifungua seli nyeupe huwa zinapanda. Hilo wewe ndiye uliyenifundisha. Na joto lake nimepima mwenyewe, thelathini na tano na nusu. Hana homa hata kidogo."

Alikuwa sahihi kwa nusu, na hapo ndipo panapokuwaga pagumu. Kumpinga mjinga ni rahisi. Nikamwambia, "Kupanda nakubali. Lakini chembe nyeusi hizi na vitundu hivi si vya kujifungua. Na thelathini na tano na nusu si kutokuwa na homa. Ni mwili umeshindwa hata kuipandisha. Nakuomba kitu kimoja. Toka umhesabie pumzi kwa dakika nzima. Zikiwa sawa, nitarudi benchi na nitakununulia soda."

Alinitazama. Aliutazama mlango na watu wake. Nilidhani atakataa, na angekataa sijui ningefanya nini, maana mwenye kuandika dawa ni yeye. Aliweka kalamu chini.

Akachuchumaa mbele ya Rehema, macho kwenye saa.  Niliona midomo yake ikihesabu, na nikaona inavyozidi kuharakisha. Dakika ilipoisha akasema, "Thelathini na nne." Akamfunga mashine ya presha. Themanini kwa arobaini na tano. Akasimama, na huyu hakuwa tena kijana aliyekuwa anaandika. "Leteni machela! Sista, laini mbili za dripu, kubwa. Mzee Kulwa, chupa zako za kuotesha damu ziko wapi?"

Zilikuwepo. Daktari Neema alikuwa ameelewana na maabara ya hospitali kubwa watupatie chache kwa ajili ya wagonjwa kama hawa. Nilichukua damu kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki, maana ukitanguliza dawa, bakteria hawataota na hutajua ulikuwa unapigana na nani. Lakini sikilizeni vizuri: nilifanya kwa dakika mbili. Mshipa ungekataa, ningeacha, dawa ingeingia. Hakuna chupa ya kusubiriwa na mtu anayezama. Dripu ikafunguliwa, oksijeni ikawekwa, antibayotiki ikaingia. Neema alikuwa thieta kwa upasuaji wa mzazi mwingine. Alipotoka na kofia bado kichwani, Shayo akamweleza kwa sentensi tatu. Akampima Rehema, akakuta kipande cha kondo kimebaki kwenye kizazi na kimeoza. Akakitoa hapohapo. Nilisikia sauti yake kutoka ndani: "Chanzo tumekipata." Ambulansi ilikuwa tayari inanguruma.

Mama yake Rehema alibaki uani na kitoto. Gari lilipokuwa linatoka akaniuliza, "Daktari, atapona?"

Miaka mingine ningemwambia mie ni mtu wa vipimo tu. Nikamwambia, "Mama, sijui. Lakini tumemwahi."

Kule hospitali kubwa, siku mbili presha yake Rehema ilishikiliwa na dawa. Figo zilisimama, zikaanza tena siku ya nne. Shayo ndiye aliyekuwa anapiga simu kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wake, kisha anakuja dirishani kwangu na neno moja: "Yupo." Kesho yake: "Yupo." Siku ya sita akasema, "Amekunywa uji." Chupa zetu ziliota bakteria, wakampa dawa inayomfaa hasa. Siku ya tisa aliomba mwanawe.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo, na mie si mmoja wa wazee wanaolia kwamba ya zamani yalikuwa bora. Kioo cha kutafutia jua siendi kukililia. Leo mnaweka tone la damu kwenye mashine, dakika moja inawapa namba za kila aina ya seli, na inawawekea alama ikiona kitu kigeni. Mna kipimo cha protini inayopanda damuni pale zile saitokini zinapofika kwenye ini. Vizuri sana. Lakini nimeona kijana anachapa karatasi yenye alama ya hatari, anaiweka kwenye trei, anarudi kwenye simu yake. Trei haina miguu. Mashine ikipiga alama, paka slaidi, tazama kwa jicho lako, kisha nyanyuka. Mpigie daktari, na ukipiga simu taja jina la mgonjwa, taja ulichokiona, na mwambie akurudie ulichosema. Usiseme "samahani kukusumbua." Hujamsumbua mtu. Na siku utakapokosea, kama mie na malaria yangu ya ndoo, toka nje ukaseme umekosea. Mtu aliyewahi kukusikia ukikiri kosa atakusikiliza siku ukiwa na uhakika.

Baada ya Rehema, Shayo alibandika karatasi mlangoni kwake kwamba mtu wa maabara haombi zamu. Karatasi hiyo ilikaa mpaka ikawa ya njano, na naijivunia kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Rehema mwenyewe alikuja miezi mitatu baadaye, siku ya kliniki ya mtoto. Alisimama dirishani amenenepa, kanga mbili, mtoto mgongoni. Sikumtambua. Akasema, "Shikamoo. Mie ndiye yule wa mkono wa baridi. Daktari Neema ameniambia wewe uliona kitu kwenye damu yangu. Naomba nikione."

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniomba hivyo. Nikamfungulia mlango, nikamkalisha kwenye kiti changu. Slaidi zenye mambo huwa tunazihifadhi, na yake ilikuwepo. Nikamwekea. Ilimchukua muda kujua afumbe jicho lipi. Halafu akatulia kabisa.

"Hivi vya zambarau?"

"Hivyo ni seli nyeupe. Askari wako."

"Mbona kama vitoto?"

"Ni vitoto. Mwili wako uliita wakubwa wote wakaisha, ukaanza kuita na hivi. Vikaja hivyohivyo, kabla ya kukomaa."

 Mabega yake yalianza kutikisika taratibu, na yule wa mgongoni akaamka akaanza kumvuta mtandio. Sikumwambia anyamaze. Alipoinua uso nikamwomba kidole. Nikatoboa, nikavuta damu kwenye slaidi mpya, nikaikausha kwa kuipungia mkononi, nikaipaka rangi niliyoichuja asubuhi ile, tukaongea habari za Kigamboni mpaka ikaiva. Nikaisuuza, nikaiweka chini ya lenzi, nikatafuta sehemu nzuri. Kisha nikampisha tena kitini.

"Na hizi za nani?" akauliza.

"Za kwako. Za leo."

Viini vilikuwa vimekatika vipande vitatu, vinne, safi kabisa. Rehema alizitazama muda mrefu kuliko zile za kwanza. Foleni ilianza kugonga dirisha. Niliwaacha wagonge.